Hasimu wa Baba Alipokuja Kukaa Kwetu

Mimi ndiye niliyemstaafisha baba yangu, na nilifanya hivyo kwa mapenzi. Nalitanguliza hili kwa sababu wengi wanaonijia siku hizi kuniuliza habari za wazazi wao huanza kwa kujitetea. Mimi sijitetei. Nilikosea, nikaona kosa langu, nikalirekebisha, na baba yangu yuko hai hapa Kismayu, anakula, anagomba na anacheka.

Baba alikuwa fundi wa kukalafati mashua. Mashua ya mbao huwa na upenyo mwembamba kati ya ubao na ubao, na fundi kalafati ndiye anayeujaza pamba iliyotiwa mafuta ya papa, akiishindilia kwa chembeu, patasi yake butu, na nyundo ya mti mpaka maji yakose pa kupita. Kazi hiyo aliianza Koyama, kisiwani kwetu, akiwa hajaota ndevu. Aliifanya Mombasa tulipokuwa wakimbizi baada ya vita vya tisini na moja, na tuliporudi Somalia akaendelea nayo hapa Kismayu. Alikuwa akisema kwamba mshono ukishakaza, nyundo hubadilisha sauti, na fundi mzuri husikiliza kuliko anavyotazama.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Siku moja akateleza juu ya ubao aliokuwa amesimamia, akaangukia mchangani. Hakuvunjika kitu, lakini nilipompigia simu ndugu yangu aliyeko Ulaya, akasema, "Dada, basi. Mzee amefanya kazi miaka sitini. Mwache apumzike." Nami nikakubali. Mimi ni mjane, na kazi yangu ni kushona nguo hapahapa nyumbani, katika chumba cha mbele. Nilijiambia kwamba sasa nitakuwa naye, nitamtunza kama yai.

Nikamtunza. Nilimpelekea chai kitandani. Nilimkataza kuchota maji, nikamkataza kwenda sokoni kuchagua samaki, kazi aliyoipenda. Akishika ufagio nilimpokonya. "Kaa, baba. Pumzika, baba." Na siku moja, alipokuwa msikitini, nilichukua kapu la zana zake, nyundo, chembeu zote na kile kibao alichokuwa akikalia, nikampa fundi mmoja wa pwani. Nilisema moyoni, zitamwondokea machoni, asije akatamani kurudi.

Hakuuliza kapu liko wapi. Hilo lilipaswa kunishtua, lakini nililiona kama dalili njema.

Baada ya miezi michache baba akaacha kwenda msikitini, akawa anasali chumbani. Halafu akaacha kunywa kahawa. Mkate wa asubuhi nilikuwa nikiukuta mahali nilipouweka. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akitazama ukuta wa jirani, na nikimsemesha alijibu kwa kichwa. Nywele zake, alizokuwa akizikata kila wiki mbili, zikamfunika masikio. Watu wakaja na maneno yao. Mmoja alisema ni uzee tu. Mwingine alisema amerogwa. Jirani yangu alileta kombe, maji yaliyooshewa aya, tukamnywesha, na mimi sidharau dua ya mtu yeyote. Lakini dua haikunikataza kumpeleka hospitali.

Tulipokewa na daktari mmoja mwanamke, Msomali, kijana kuliko binti yangu mkubwa. Alimpima presha, akampima sukari, akamtoa damu. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele yake na kusema naye Kisomali kwa sauti ya chini, akimwita adeer, kama tunavyosema sisi ami.

"Adeer, siku yako huanzaje?"

Baba aliutazama ukuta nyuma yake. Kisha akasema, "Haianzi."

Yule daktari hakushtuka wala hakumpa nasaha. Alimuuliza kama analala, kama ana maumivu, kama amewahi kutamani asiamke. Baba akasema hapana kwa hilo la mwisho, nami nikashukuru, maana nilikuwa nimeliogopa bila kulitaja. Tulipokwisha, daktari aliniita pembeni.

"Mwili wake si mbaya," alisema. "Lakini huzuni nayo ni ugonjwa, mama, na inatibika. Ikihitajika dawa nitampa. Kwanza nataka uache kumfanyia kila kitu. Umemtoa kazini. Umempeleka wapi?"

Niligeuka nikamtazama baba pale alipoketi.

"Mletee watu wa rika lake," akaendelea. "Mpe jambo ambalo mtu mwingine atalitegemea kwake. Mrudishe kwangu kila mwezi. Na siku ukimsikia anasema hataki kuishi, usingoje mwezi, mlete siku hiyohiyo."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, nikaanza vibaya tena. Niliwaalika wazee wawili wa mtaa. Walikuja, wakamsalimu, wakamwambia awe na subira, wakanywa chai yangu na kuondoka. Ilikuwa kama watu waliokuja kumpa pole mtu kwa kifo chake mwenyewe. Baba hakusema nao hata neno.

Ndipo mama mdogo, ndugu wa marehemu mama yangu, aliponipigia simu kutoka Koyama. Mama mdogo ni mwanamke ambaye akitaka jambo hakuombi, hukuarifu. Alisema kuna mzee kule kisiwani amefungwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, haoni mlango. Madaktari wa macho wanatarajiwa Kismayu. Mkewe amekufa, binti zake wako Mombasa, na hapa mjini hana nyumba ya kufikia. "Atafikia kwako," alisema.

Nikamuuliza ni mzee gani. Aliponitajia, nilikaa chini.

Lazima nieleze. Mzee huyo alikuwa muunda mashua, na kabla ya vita yeye na baba walikuwa kama pete na kidole. Mmoja akiunda, mwingine akikalafati. Hawakuitana kwa majina; baba alimwita Seremala, naye alimwita baba Kalafati. Mashua yao ya mwisho ilikuwa ya harusi. Ilibeba vyombo vya bibi harusi, godoro, masanduku ya nguo na wanawake kumi na wawili wenye udi na vigelegele, na kabla haijafika nusu ya njia kwenda bara ikaanza kuingiza maji. Hakufa mtu. Lakini godoro lililowa, nguo zililowa, na wale wanawake walirudi ufukweni wakiwa na maji hadi magotini, wakilaani mbele ya kisiwa kizima. Baba alisema kosa ni la mbao. Seremala akasema kosa ni la kalafati. Wakaacha kusemezana. Kabla mtu hajawapatanisha, vita vikaja, kila mmoja akakimbia na mashua yake, na miaka zaidi ya thelathini ikapita.

"Mama mdogo," nikasema, "baba yangu mgonjwa. Nimletee huyu?"

"Huko kwako kumekuwa kimya mno," akasema. "Mchu hafi kwa kelele, mwanangu."

Hivyo ndivyo sisi wa visiwani tunavyosema, mchu, sio mtu, na aliposema vile nilimsikia mama yangu.

Nikamwendea baba kitini pake. Nikamwambia nani anakuja na kwa nini. Nilitarajia kichwa tu, ndiyo au hapana. Baba akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Yule?" akasema.

"Yule, baba."

Akageukia ukuta wake. Lakini neno lilikuwa limetoka, na mimi nilishika hilo.

Mama mdogo alimleta mwenyewe. Walishuka kwenye bajaji mlangoni, yeye amemshika mkono, na mzee yule amevaa kikoi safi na kofia ya kitambaa cheupe, uso ameuinua juu kama wanavyofanya wasioona. Alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti yake ilitangulia mwili wake.

"Salaam aleikum wenye nyumba! Kalafati yumo?"

Baba hakujibu. Salamu ile niliiitikia mimi. Mzee akageuza uso kuelekea kitini kwa baba, sijui alijuaje. "Yumo," akasema. "Nasikia anavyopumua kwa hasira." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Mama mdogo alikaa siku moja akarudi kisiwani. Nikabaki na wazee wawili katika nyumba ya vyumba vitatu, mmoja haoni na mmoja hasemi. Siku mbili nzima walikaa chumba kimoja kama abiria wasiojuana. Seremala alizungumza na mimi, na majirani, na paka. Baba alitazama ukuta. Nilianza kufikiri nimefanya upumbavu.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa chumba cha mbele nakata kitambaa cha dirii, lile gauni pana la wanawake. Nikasikia sauti ya baba, imekwaruza kwa kutotumika, lakini kila neno likisikika.

"Mbao ilikuwa mbichi."

Mkasi ulinibakia mkononi. Kisha Seremala akajibu, taratibu, kama mtu aliyengoja sentensi hiyo miaka thelathini na jibu lake amelikunja mfukoni.

"Pamba ilikuwa kuukuu."

"Pamba yangu!"

"Pamba yako. Uliitoa kwenye mto wa mkeo, Mungu amrehemu. Kisiwa kizima kilijua."

"Mbao uliikata wiki moja kabla! Ilikuwa bado inatoa utomvu! Ubao mbichi ukikauka unajikunja, yakhe, hata malaika akiukalafati!"

Wakaenda hivyo mpaka alasiri. Baba alisimama. Baba alipiga paja lake kwa kiganja. Nilimwona kupitia mlangoni, mishipa ya shingo imemtoka, na mimi nikakumbuka presha, nikatoka uani nikampigia daktari simu. Nilimwambia wanapigana kwa maneno, na nikamuuliza kama niwatenganishe.

"Amekula leo?" akauliza.

"Sahani mbili, daktari."

"Basi waache," akasema. "Ila wakishikana mashati nipigie tena."

Nikawaacha. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani, kwa maana nimelelewa kuamini kwamba mzee hutulizwa. Kila asubuhi sasa baba aliamka na hoja. Alikuwa amelala nayo. Alikuja kwenye kahawa akiwa ameshanyoosha kidole. Siku moja alinituma kalamu na karatasi, akachora ule mshono wa mashua ubao kwa ubao, kisha akakumbuka kwamba mwenzake haoni, akaikunja ile karatasi kwa hasira na kumshika mkono Seremala, akamchorea mstari kiganjani kwa kidole. "Hapa. Hapa ndipo maji yalipoingia. Unaona?" Na Seremala, kiganja wazi, akasema, "Naona." Walikaa hivyo kitambo.

Siku hiyohiyo nilikiri kwa baba kuhusu kapu. Nilikuwa nimebeba jambo lile kifuani kama jiwe. Nilimwambia nilimpa nani zana na kwa nini, na kwamba nitaenda kuziomba.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Nilipita pwani nikamwona anazitumia. Anaishika nyundo chini mno." Akanionyesha kwa mkono mtupu mahali pa kuishika. "Usiziombe. Zana zifanye kazi. Lakini siku nyingine, mwanangu, niulize."

"Nitakuuliza, baba. Nisamehe."

"Nimekwisha kusamehe. Nilikuwa nangoja uniulize tu."

Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa mwaka mzima akingoja kuulizwa.

Jambo la msikiti lilikuja lenyewe. Seremala alizoea sala ya jamaa, na siku za mwanzo jirani alimpitia. Adhuhuri moja jirani hakuja. Seremala akachukua bakora yake. Nilimtazama baba, naye hakujitikisa. Mimi nilikuwa na nguo ya watu kwenye cherehani, lakini nilikaribia kuinuka. Nikajizuia. Seremala akatoka, akapapasa ukuta, akaligonga pipa la maji, akaomba radhi kwa pipa.

Baba akashusha pumzi ndefu. Akainuka, akavaa kofia.

"Ngoja, kipofu wee," alisema. "Utaanguka huko, na watu watasema nimekusukuma."

Waliondoka wameshikana mikono. Isipokuwa kwenda hospitali, baba hakuwa amevuka kizingiti kile kwa muda wa miezi minne. Kuanzia siku hiyo alikwenda mara tano, kwa maana mwenzake alikwenda mara tano, na njiani watu walimsimamisha kumsalimu, na kinyozi alimwona akamvuta ndani akamkata nywele bila kumuuliza.

Madaktari wa macho walichelewa, orodha ikawa ndefu, na wiki mbili alizokuja nazo Seremala zikawa siku arubaini. Baba ndiye aliyekwenda hospitali kuuliza zamu. Baba ndiye aliyekariri masharti ya baada ya kupasuliwa jicho la kwanza: asiiname, asijikune, asilale upande ule. Siku ya kufunguliwa bendeji tulikuwa sote watatu. Muuguzi aliondoa pamba, akamfuta, akamwambia afumbue taratibu. Seremala akapepesa. Akautazama mkono wake, akaugeuza. Kisha akamtazama baba, kuanzia kofia hadi ndevu, akachukua wakati wake wote.

"Kalafati," akasema, "umezeeka vibaya."

Baba alicheka. Nilitoka kwenye ukumbi wa hospitali nikalia nikiwa nimeelekea ukutani, na mwanamke mmoja nisiyemjua akanipa leso yake.

Kama ningekuwa natunga hadithi, ningeishia hapo. Lakini Seremala alirudi Koyama, na siku tatu baada ya kuondoka baba alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Chai ikapoa. Nikajua kwamba mgeni mmoja hawezi kubeba mzigo wa siku zote za mtu, na kwamba nisipofanya kitu sasa nitarudi nilikotoka. Safari hii sikuogopa. Nilikuwa nimeshaona kwamba mlango ule hufunguka.

Kwanza, niliomba ruhusa yake, kama alivyonifundisha. Nilimuuliza kama ninaweza kuhamishia cherehani chumba cha nyuma, ili chumba cha mbele kiwe cha wanaume baada ya alasiri. Alifikiri siku nzima. Kisha akasema, "Mkeka ule mkubwa uutoe." Sikuwaalika wazee wa kuja kutoa pole. Niliwafuata watu wenye ubishi. Mmoja alikuwa kuli wa bandarini aliyestaafu kwa mgongo, anayejua kila meli iliyowahi kutia nanga hapa na hakubali kusahihishwa. Mwingine alikuwa mwalimu wa shule, ameachishwa kwa umri, anayependa kuwauliza watu wazima maswali kama wanafunzi. Walikuja, wakaona kuna karata, kahawa na mtu wa kubishana naye, wakaja tena.

Pili, dawa ya macho. Seremala alipewa matone ya kutia mara tatu kwa siku, na mama mdogo alinilalamikia kwamba anasahau. Nikamwambia baba. Kumbe sikuhitaji kusema zaidi. Asubuhi, mchana na jioni alipiga simu Koyama, na simu ilipokosa mtandao alitoka nje na kuinyanyua juu kama mtu anayetaka kumwonyesha Mungu. "Umetia? Jicho lipi? Nisikie unavyolitia." Matone yalikwisha baada ya wiki kadhaa. Simu hazikwisha.

Na sokoni alikwenda mwenyewe. Alirudi na changu mmoja mikono ikitetemeka, samaki anacheza kwenye mfuko, nami sikunyoosha mkono kumpokea mpaka aliponipa.

Nilidhani huo ndio mwisho wa ugonjwa. Lakini mwaka uliofuata dada yake baba alifariki Mombasa. Tulipata habari asubuhi. Baba alisema inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, akaniamuru nipike kwa ajili ya watakaokuja, akapokea pole za watu siku tatu bila chozi. Siku ya nne alikaa kitini. Nilikwenda kwa daktari yuleyule, naye akasema mwache ahuzunike, huzuni ya msiba si ugonjwa, lakini asihuzunike peke yake.

Sikuhitaji kumwita Seremala. Alikuwa ameshapanda mashua. Aliingia bila kelele zake za kawaida, akavua viatu, akaketi mkekani karibu na kiti cha baba. Hakusema subira. Nikaleta kahawa na kuketi mlangoni.

Kisha baba akaanza, akiwa anatazama kikombe.

"Dada yangu alikuwa nami kule kambini. Yeye ndiye aliyemwosha mtoto."

Nilijua mtoto gani. Tulipokimbia, mama alikuwa amembeba mdogo wetu wa mwisho, hajatimiza mwaka. Mtoto huyo alikufa kwa kuharisha kambini, wiki chache baada ya kufika. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na ninamkumbuka alivyokuwa mwepesi. Lakini kwa miaka yote hiyo sikumsikia baba akimtaja, hata mama alipokuwa anakufa.

"Niliazima jembe," baba akasema. "Nikamchimbia. Tukamzika asubuhi. Halafu kulikuwa na foleni ya unga. Nikarudisha jembe, nikaenda kusimama kwenye foleni. Sikulia. Kulikuwa na foleni, Seremala. Ningelia vipi?"

"Usingeweza," Seremala akasema.

"Na kesho yake nikatafuta kazi. Na siku ile nyingine pia. Kila kilio kilipokuja, nilishika nyundo." Aliinua mikono yake ile miwili inayotetemeka, akaitazama. "Sasa nyundo sina."

Akalia. Mzee wa miaka themanini alilia kwa sauti, mbele ya binti yake, mchana, mlango wazi. Seremala alimshika goti na hakumwambia anyamaze. Nami nilitamani sana kumletea maji, kumfuta, kufanya chochote. Nikakaa palepale mlangoni nikalia naye. Ilichukua muda. Alipokwisha, aliomba kahawa nyingine, kwa sababu ile ilikuwa imepoa, akasema tumsomee mtoto Fatiha. Tukamsomea watatu.

Tangu siku hiyo jina la mdogo wangu hutajwa nyumbani kwetu. Baba hulitaja akiwa anakula, akiwa anasimulia, bila kushusha sauti. Ana siku mbaya bado. Mvua ikinyesha mfululizo na wenzake wasipokuja, namwona anaanza kuuelekea ukuta. Namuuliza, "Baba, leo ni siku mbaya?" Naye husema ndiyo kama ni ndiyo. Basi nasogeza cherehani karibu naye, nashona pale, na tunaipitisha pamoja. Kila baada ya miezi miwili mitatu huenda Koyama kukaa wiki, na hurudi amechukizwa na upishi wa Seremala.

Mwezi uliopita alinijia mwanamke wa mtaa wa pili. Mama yake, msukaji wa mikeka maisha yake yote, ameacha kusema. Aliniuliza dawa gani niliyompa mzee wangu. Nikamwambia aanze hospitali, nikamtajia daktari, na nikasema nitapita kumwona bibi huyo.

Nilikwenda na kipande cha ukili, ule msuko wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, nilichokuwa nimejaribu kusuka mwenyewe. Sikuwa najua, na kilionekana hivyo. Bibi alikuwa amelala ubavu, ameelekea dirishani. Nilimsalimu, nikaketi sakafuni, nikaendelea kusuka bila kumuomba kitu. Binti yake alitaka kumwinua, nikamzuia kwa jicho. Tulikaa kama saa nzima. Mwishowe bibi aligeuka, akautazama ukili wangu kwa muda, na uso wake ukakunjamana.

"Nani amekufundisha hivyo?" akauliza.

"Hakuna, bibi. Nimejifundisha."

"Lete hapa," akasema, akanyoosha mkono.

Nikampa. Aliketi ili aufumue vizuri.